UZI: Mradi umeharibika, aliyesaini kahamishwa. Sasa sisi huku kusini tumdai nani?

mpwa_wa_feri ameandika:

Wakuu habari za jioni. Uzi huu utakuwa mrefu naomba mnivumilie, jambo limenikaa rohoni toka mwaka jana na leo nimeamua niliseme lote.

Niko huku Lindi, mji mdogo wa pwani, jina nauacha maana sitaki mtu apate shida kazini kwake. Mama yangu mdogo anauza samaki, kaanza kazi hiyo mimi sijazaliwa, ada zangu zote zimetoka kwenye karai lake la changu wa kukaanga. Zamani wote walikuwa wanauzia chini kule wanakoshushia wavuvi, mabanda ya makuti meza za mbao, mvua ikinyesha tope mpaka kwenye vifundo, hilo silikatai. Halmashauri ikaleta mradi wa soko la kisasa tukafurahi sana, siku ya kuweka jiwe la msingi mama mdogo alivaa kitenge kipya.

Sasa soko lenyewe limejengwa wapi, juu barabarani. Kutoka wanaposhushia samaki mpaka pale ni bodaboda, na ukilipa bodaboda kwenda na kurudi na ndoo mbili ile ndiyo faida yako ya siku nzima imekwisha. Meza wamejenga za zege. Nimezipima mwenyewe kwa futi ya fundi, sentimita 118 kutoka sakafuni. Mama mdogo ni mfupi kama akina mama wengi wa huku, meza inamfika kifuani. Hebu jaribu kupara samaki juu ya kitu kinachokufika kifuani uone mabega yatakavyokuwa saa sita mchana. Wiki ya kwanza akina mama wakageuza ndoo wakawa wanasimama juu yake, mmoja akateleza na kisu mkononi, Mungu akasaidia kikamchana kiganja tu. Alafu sakafu imeinamishwa upande wa muuzaji badala ya upande wa mtaro, yani maji yote ya samaki yanakuja kwenye miguu yako unasimama ndani yake kutwa. Bomba lipo, koki ipo, maji hayajawahi kutoka hata siku moja.

Wiki ya tatu wote walisharudi chini kwenye tope. Ukipita sokoni leo meza 40 nzima zimeanikwa mihogo.

Nikaenda mkutano mkuu wa mtaa nikauliza maswali mawili tu, nani alichagua eneo lile na nani alipitisha ramani ya zile meza. Mwenyekiti mtu mzuri tu akasema mwanangu mkurugenzi wa wakati ule kahamishwa, injinia naye kahamishwa, aliyepo sasa kalikuta hivyo hivyo. Basi. Watu wakaguna tukaendelea na ajenda ya ulinzi shirikishi.

Hapo ndipo nilipoumia. Sisemi mtu kaiba. Inawezekana kabisa kila mfuko wa simenti una risiti yake na mkaguzi akija atakuta mafaili yamenyooka. Lakini kama hela imetumika yote halali na kitu hakifai, hiyo ni hasara kama hasara nyingine, tena mimi naona mbaya zaidi maana mwizi angalau tunajua wa kumpeleka TAKUKURU, huyu aliyeamua vibaya tunampeleka wapi? Tumezoea kuuliza "hela imeliwa?" tukijibiwa hapana tunakaa kimya. Swali la pili hatulifikii: nani aliamua hivi, na alimuuliza nani kabla?

Nataka tujadili hapo wakuu. Nawasilisha.

JembeLaTandahimba ameandika:

Mkuu umegusa kidonda. Wewe unaongelea meza 40, njoo huku kwenye korosho.

Msimu wa 2017/18 mnadani bei ilipita 4,000 kwa kilo, mavuno ya nchi nzima yalizidi tani laki 3. Watu walijenga, watu waliezeka bati. Mwaka 2018 bungeni kwenye bajeti sheria ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ikabadilishwa. Mwanzo asilimia 65 ya ule ushuru ilikuwa inarudi kuendeleza zao, humo ndimo ilimokuwa inatoka salfa ya ruzuku (dawa ya kupulizia mikorosho), utafiti, miche. Ikabadilishwa ushuru wote ukaenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walisimama wakapinga mpaka sauti zikawakauka, hawakusikilizwa.

Oktoba 2018 minada ikaanza, bei chini, wakulima wakakataa kuuza. Novemba serikali ikatangaza itanunua korosho zote kwa 3,300 na jeshi likaja na malori kubeba. Nitakuwa mkweli siku ile tulishangilia, mimi mwenyewe nilishangilia. Mawaziri wawili wakaondolewa, wa kilimo na wa viwanda na biashara. Baadae ukaja uhakiki, ukienda kuuliza malipo unaambiwa subiri timu ije ione shamba lako. Mzee wangu alikuwa na stakabadhi yake kaiweka ndani ya msahafu, kila Ijumaa akitoka msikitini anaitoa anaiangalia anairudisha. Wakati huo palizi imefika na vibarua hawana hela ya kulipwa. Mwezi wa kwanza 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni moja ya Kenya tani laki 1 kwa bilioni 418, hela haikuja, mwezi wa tano mkataba ukafutwa, mwezi wa sita waziri mwingine wa viwanda na biashara akaondolewa. Korosho iko ghalani, na korosho ghafi siyo chuma, kila mwezi ikikaa inapungua uzito na ubora.

Kwa hiyo waziri kuondolewa tumeshaona, tena zaidi ya mmoja. Kuondolewa siyo kuwajibika. Mtu akiondolewa anaenda kwake, hakuna aliyekuja Tandahimba kukaa mbele ya watu akaeleza hesabu ilikuwaje, walitegemea kumuuzia nani, kwa bei gani, nani alishauri nani alikataa. Hicho ndicho tunachodai mpaka leo, maelezo.

Mtandi77 ameandika:

@JembeLaTandahimba lakini lile la ushuru usiliweke fungu moja na mengine. Lile lilipita bungeni, hansadi ipo, nani alisema nini ipo, ukitaka unaisoma. Kosa ni letu hatusomi alafu miaka mitano ikiisha tunapewa fulana. Nakubaliana na wewe kwa mengine yote. Na tusisahau kilichofanya uzalishaji ushuke miaka iliyofuata siyo salfa peke yake, hali ya hewa nayo ilikuwa mbaya, tukidai tudai kwa haki.

JembeLaTandahimba ameandika:

Sawa kaka, hali ya hewa nakubali. Ila salfa ukichelewa kupuliza wakati mkorosho umetoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga hausubiri bajeti. Anayejua hilo ni mkulima, na kuna wataalamu pale Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho, wamelijua miaka yote. Waliulizwa?

babu_wa_nachi ameandika:

Vijana shikamooni zenu nimezipokea. Mimi niko Nachingwea, nimezaliwa mwaka 1951, mwaka huo huo Waingereza walipotangaza mwezi wa kwanza kwamba mradi wao wa karanga umekufa. Nawaambia hili mjue haya mambo hayakuanza na halmashauri.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja kulima karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea, walitaka ekari zaidi ya milioni 3, watu wao Ulaya walikuwa na shida ya mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yaliletwa mengine yametengenezwa kutoka kwenye vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa kiangazi unakauka unakuwa kama tofali, karanga inakatikia ndani haitoki. Wagogo, wenyeji wa kule, wanalijua hilo toka enzi. Hawakuulizwa. Kwetu huku misitu iliwashinda, kabla ya kulima wakaanza kujenga reli na bandari, marehemu baba alikuwa kibarua kwenye reli hiyo ya kwenda Mtwara, mikono yake ilikuwa na magamba ya kubeba mataruma mpaka anakufa.

Mradi ulipofungwa serikali yao ilifuta kwenye vitabu pauni milioni 36. Waziri wao wa chakula aliyekuwa anausimamia, John Strachey, bunge lao lilimpigia kelele sana, mwaka 1950 akatolewa wizara ya chakula akapelekwa wizara ya vita. Alihamishwa, kama huyo mkurugenzi wenu. Reli ikaja kung'olewa miaka ya mwanzo ya 60, kisa hakuna mzigo wa kubeba. Hapo Mtwara mjini mna kata mnaiita Reli mpaka leo, nendeni mkatafute hiyo reli.

Bandari ndiyo iliyobaki, inafanya kazi, hilo tushukuru. Lakini hakuna aliyerudi kumwambia baba yangu kwamba kazi ile ilikuwa ya nini.

mpwa_wa_feri ameandika:

Shikamoo babu. Nimesoma mara mbili. Ile "hawakuulizwa" ndiyo ile ile ya mama mdogo, miaka zaidi ya 70 imepita. Kama angeulizwa mama mmoja tu asimame pale fundi aweke kamba ya kupimia kwenye kiuno chake, meza zote 40 zingefaa.

MtumishiKimya ameandika:

Nitaandika kwa uangalifu maana nina ajira. Niko kwenye halmashauri moja Mtwara, idara ya mipango.

Jamani mnaona kama watu wanakaa tu ofisini wanaamua kukomoa wananchi, haiko hivyo. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Hela ya mradi mara nyingi inaingia mmechelewa, mwezi wa nne, saa nyingine wa tano, na kila simu inayopigwa ni mmetumia kiasi gani, hakuna anayeuliza mmetumia vizuri kiasi gani. Kwa hiyo mnajenga kwenye eneo ambalo tayari ni mali ya halmashauri, halina mgogoro wala fidia, hata kama ni mbali. Ramani mnachukua iliyopo iliyotumika kwingine. Kukaa na wauza samaki kunataka wiki mbili, na hizo wiki hamna. Alafu kuna ziara, kiongozi anasimama jukwaani anasema nataka jengo hili liishe ndani ya siku 90, watu wanapiga makofi, injinia pembeni anajua zege halitaiva lakini atasema nini mbele ya umati ule?

Agizo la namna hiyo halina karatasi. Likiharibika aliyeagiza jukwaani hayumo kwenye faili, aliyemo ni mkurugenzi na sisi wadogo. Ninachoomba mnapodai uwajibikaji msitutishe mpaka kila mtumishi aogope kusaini, maana hilo nalo nimeliona, faili linazunguka meza sita kila mtu anaandika "kwa maelekezo zaidi" na zahanati haina kitasa mwaka mzima. Mtusaidie agizo liwe kwa maandishi. Afisa akiandika ushauri wa kupinga, ushauri ule ubaki kwenye faili na usimponze.

BintiMwera ameandika:

@MtumishiKimya asante kwa ukweli wako kaka, ila wiki mbili za kukaa na akina mama mnakosa alafu miaka 20 ya soko lisilotumika mnaipata? Hapo ndipo sikubaliani na wewe. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya mapokezi ya vifaa, ujenzi wa madarasa kwa fosi akaunti (shule inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi) shuleni kwetu. Simenti ikaja yote kwa mpigo masika yameanza, stoo hakuna, tukaipanga varanda ya ofisi ya mwalimu mkuu tukafunika turubai. Nilisema, jamani ipungueni ije kwa awamu. Nikaambiwa mama saini mzigo umefika. Nikasaini. Baada ya wiki tatu mifuko ya chini imekuwa mawe, nimeisukuma kwa mguu haitikisiki. Niliumia kwa sababu jina langu ndilo lililopo kwenye ile karatasi, aliyeagiza ije yote kwa mpigo jina lake halipo.

Toka siku ile nikisaini kitu naandika na maoni yangu chini. "Imepokelewa, nilishauri ije kwa awamu." Mistari miwili tu. Tunaoingizwa kwenye hizi kamati za vijiji na shule tujifunze hilo, nafasi ya kuandika ipo.

sheria_kwanza ameandika:

Kisheria naomba niongeze kidogo. Watu wanadhani kiongozi hawezi kushitakiwa kwa uamuzi mbaya kama hakula rushwa. Siyo kweli. Kosa la kuisababishia mamlaka hasara lipo kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi sura ya 200. Na kuna mfano mkubwa, mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walishitakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia serikali hasara, ishu ilikuwa msamaha wa kodi kwa kampuni iliyokuwa inakagua dhahabu. Julai 2015 mahakama ya Kisutu iliwafunga miaka 3, rufaa ikapunguza ikawa 2, Februari 2016 wakabadilishiwa wakamalizia kwa huduma za jamii. Katibu mkuu aliyeshitakiwa nao aliachiwa huru. Kwa hiyo mlango upo.

Ila mimi kama mtu wa sheria siwashauri kila meza ya zege iende mahakamani. Kesi ile ilichukua miaka, ilianza 2008. Na mtu aliyekosea kwa nia njema hatakiwi jela, anatakiwa aeleze na arekebishe. Tunachokosa ni hicho cha katikati, kati ya jela na uhamisho hakuna kitu.

kiti_moto_masasi ameandika:

Mtaongea weee mwisho mtachoka. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inatoka kila mwaka mwezi wa nne tunasoma wiki mbili tunakasirika inaisha. Hata CAG mwenyewe Profesa Assad 2019 aliondolewa, Mahakama Kuu ikaja kusema 2022 kwamba haikuwa sawa kikatiba, miaka mitatu imepita mtu alishatoka ofisini. Sembuse wewe na meza za samaki.

mpwa_wa_feri ameandika:

Kaka nakuelewa uchovu wako ila sikubali tuishie hapo. Ngoja niwaambie nilichofanya baada ya ule mkutano.

Ripoti ya CAG ina kitabu chake cha serikali za mitaa peke yake, kiko mtandaoni, huna haja ya kumuomba mtu. Alafu kila halmashauri inakaa baraza maalum la madiwani kujibu hoja za ukaguzi, mkuu wa mkoa anakuja. Mwananchi unaruhusiwa kukaa ukasikiliza. Nilienda, nilivaa shati la mikono mirefu nikakaa benchi la nyuma saa tatu mpaka saa nane. Hoja zinasomwa moja moja na kila moja anayesimama kujibu ni aliyepo leo. "Mheshimiwa mwenyekiti suala hili lilitokea kabla sijaripoti." Nimeisikia sentensi hiyo siku ile mpaka nikaacha kuhesabu. Yule jamaa simlaumu anasema kweli. Aliyesaini yuko mkoa mwingine ana gari na ofisi anasaini vingine, na huko nako akiondoka atakayekuja atasema hajaripoti.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja, kwenye hoja za ukaguzi ajibu aliyesaini. Awe kahamia Kigoma, awe kastaafu, aitwe, hata kwa simu ya video baraza lione uso wake, aseme eneo nililichagua kwa sababu hii na nilimuuliza fulani. Kama sababu ni nzuri tutaelewa, kama ni Juni 30 kama alivyosema Mtumishi basi aseme Juni 30, tujue tatizo liko Hazina na siyo kwake. Na kama kuna mtu aliagiza jukwaani aseme jina na tarehe. Hiyo haihitaji jela wala haimtishi mtumishi mwema, inamlinda. Na mtu akijua miaka mitatu mbele ataitwa kuelezea zile meza, ataenda kumpima mama mmoja kiuno kabla ya kumwaga zege.

Mtandi77 ameandika:

Hii nimeipenda. Ila diwani wako atakubali kuipeleka? Maana wengi wao wanaogopa mkurugenzi kuliko wanavyoogopa sisi.

BintiMwera ameandika:

Usiende peke yako na usiende na vijana watupu, watasema ni siasa. Waende wauza samaki wenyewe. Na msiombe soko lingine, ombeni lile lirekebishwe, meza zishushwe, sakafu igeuzwe, maji yatoke. Na eneo la chini waliboreshe kidogo kwa kushushia. Mkienda na kitu kinachofanyika watakosa pa kukataa.

MtumishiKimya ameandika:

Na barua muipeleke masijala igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala. Barua yenye muhuri lazima iingie kwenye faili na lazima ipewe namba. Mkimkabidhi mtu mkononi itaishia kwenye droo. Mnaweza kutaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ombeni nakala ya muhtasari wa kikao kilichochagua eneo. Kama kikao hakikuwepo nalo ni jibu.

mpwa_wa_feri ameandika:

Wakuu narudi na mrejesho, siku tisa zimepita.

Tumekaa na akina mama jioni tatu pale chini baada ya kufunga biashara, watu 31 wameweka majina, wanaojua kuandika wamesaini wengine dole gumba. Barua ina kurasa mbili. Tumeomba mambo matatu ya BintiMwera, tumeomba muhtasari wa kikao, na tumeomba aliyekuwa mkurugenzi na injinia wake waitwe kwenye baraza waeleze. Vipimo vya meza nimeviandika, na mama mdogo kasisitiza tuandike urefu wanaoutaka wao, tukasimama mmoja mmoja fundi akapima, tumeandika sentimita 80. Babu wa Nachi, nimewasomea ulichoandika kuhusu marehemu baba yako, walinyamaza wote kwa muda.

Diwani tulimfuata nyumbani usiku. Hakuahidi kuitetea ila kasema ataiombea nafasi kwenye baraza. Mimi hiyo imenitosha kwa leo.

Masijala walituzungusha kidogo, mara leteni nakala mbili mara aliyeshika muhuri katoka. Mama mdogo akakaa kwenye benchi akasema samaki wangu wameshauzwa mimi nina siku nzima. Saa tano na nusu muhuri ukagongwa. Nakala yetu anayo yeye, kaifunga kwenye nailoni mbili kaiweka ndani ya boksi la barafu chini ya kitambaa, kasema pale ndipo mkono wake unapofika kila saa.